Kiashiria gani cha titresheni? Siki na maji ya kisima

Kiashiria ni kemikali inayobadilika rangi pH, yaani kipimo cha uasidi au ubesi, inapobadilika. Katika titresheni, yaani kupima asidi au besi kwa kuidondoshea ile nyingine hadi iishe, kazi yake ni moja: kukuambia lini ufunge bureti, ule mrija wenye vipimo unaodondoshea. Wengi hudhani lazima kigeuke kwenye pH 7. Hiyo 7 ni ya asidi kali na besi kali, na ajabu ni kwamba hapo ndipo usipohitaji kuchagua sana, maana pH huruka ghafla kutoka 4 hivi hadi 10.

Asidi ikiwa dhaifu, mambo hubadilika. Chukua siki ya achari, uizimue hadi asidi yake ya asetiki iwe molari 0.1 (mole 0.1 kwa lita). Mililita 25 zake zitamalizwa na mililita 25 za hidroksidi ya sodiamu, besi kali, ya molari hiyohiyo. Lakini chumvi inayobaki ina ubesi wake, kwa hiyo pH hapo ni karibu 8.7. Matone manne tu, mawili kabla na mawili baada, huipeleka kutoka 7.2 hadi 10.3. Fenolfthalini, inayotoka kutokuwa na rangi hadi waridi kati ya 8.3 na 10, imo ndani ya mruko huo. Methili oranji hugeuka kutoka nyekundu hadi manjano kati ya 3.1 na 4.4. Ukiitumia, manjano itakamilika kwenye mililita 8 hivi, thuluthi mbili ya asidi ingali chupani! Tena itageuka kidogo kidogo, usijue usimame wapi.

Lakini methili oranji ina mahali pake. Mwamba wa Mombasa ni wa matumbawe, na maji ya visima vyake hubeba bikaboneti, ambayo ni besi dhaifu. Ukiipima bikaboneti hiyo kwa asidi hidrokloriki, huisha kwenye pH ya 4.5 hivi. Fenolfthalini haina la kusema hapo. Maji yakiwa chini ya 8.3 haipati hata waridi ya kuanzia.

Amonia kwa asidi kali huisha karibu na 5.3, methili nyekundu yatosha. Asidi dhaifu kwa besi dhaifu haina mruko wa maana: tumia mita ya pH.

Tia matone mawili matatu tu, kwani viashiria vingi navyo ni asidi dhaifu na hula besi yako. Waridi ya fenolfthalini ikidumu nusu dakika, funga bureti. Ikififia baadaye, ni kaboni dioksidi ya hewani, usiongeze tone.