Tela Halishiki Breki? Anzia Kwenye Ngoma, Siyo Kwenye Nobu

Matela madogo ya kulalia yanayoletwa kwenye karakana ya chuo chetu hapa Tabora huja na lalamiko lilelile: breki zake za umeme hazishiki, na nobu ya kidhibiti cha breki imeshazungushwa hadi mwisho. Ukimuuliza mwenye tela ngoma za breki zilisetiwa lini, hakumbuki. Wengine hawajui kama huwa zinasetiwa.

Simlaumu mtu, kwa sababu breki hizi ni ngeni kwetu. Dereva wa lori amezoea breki za upepo. Matela mengi madogo ya Ulaya na Afrika Kusini nayo hufunga breki kwa msukumo wao wenyewe, pale gari la mbele linapopunguza mwendo. Breki za umeme zimeenea zaidi Marekani na Australia. Ndani ya kila ngoma kuna sumaku ya umeme iliyofungwa kwenye mkono wa chuma. Ukikanyaga breki, kidhibiti kilichofungwa karibu na usukani hupeleka umeme wa volti 12 kwenye sumaku. Sumaku inajibandika kwenye uso wa ngoma inayozunguka, inaburutwa nayo, na ule mkono unatanua viatu vya breki hadi viisugue ngoma. Kazi ya nobu ni kuamua umeme uende kiasi gani, basi. Viatu vikishalika na kukaa mbali na ngoma, mkono unamaliza safari yake kabla havijabana, na tela litakusukuma hata ujaze umeme wote.

Kwa hiyo anza kwa kuingia chini ya tela. Hakikisha ngoma zimepoa, maana ngoma ya moto huwa imetanuka. Ukiiseti hivyo, ikipoa itabana. Weka vigingi kwenye magurudumu, kisha inua kwa jeki kwenye fremu, usiinue kwenye ekseli, kwani inaweza kupinda. Nyuma ya bamba la breki, upande wa chini, kuna tundu dogo lenye kizibo cha mpira. Kwa barabara zetu za vumbi, kizibo hicho ni mali: kikipotea, ndani hujaa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ingiza bisibisi bapa, utakuta kigurudumu chenye meno. Kizungushe huku ukigeuza tairi kwa mkono mpaka tairi liwe gumu sana kuzunguka. Halafu kirudishe taratibu mpaka tairi lizunguke lenyewe, ila usikie viatu vinagusa kwa mbali: shii, shii, shii. Mlio huo ndio unaoutafuta. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, la sivyo tela litavuta upande mmoja. (Yapo matela ambayo breki zake hujiseti zenyewe, kwa hiyo jua kwanza la kwako ni la aina gani.)

Viatu vikiwa vipya, rudia kazi hii baada ya kilometa 300 hivi, kisha kila baada ya kilometa 5,000. Kwa anayezunguka na tela kwenye rafu rodi, mimi nashauri isifike huko.

Baada ya hapo ndipo uangalie umeme. Sumaku moja ya ngoma ya inchi 10 au 12 hula takribani ampia 3, kwa hiyo tela la magurudumu mawili lisome karibu 6. Mita ikionyesha 3 tu, sumaku moja haifanyi kazi. Usikimbilie kununua nyingine. Fungua plagi uone kama pini zina kutu, kisha fuata waya wa ethi hadi mwisho wake. Mara nyingi ugonjwa uko pale, na dawa yake ni msasa na boliti iliyokazwa vizuri.

Sasa shika nobu. Tafuta barabara iliyonyooka, kavu, isiyo na watu. Tabora tambarare hazikosekani. Tela liwe na mzigo utakaosafiri nao, maji yakiwemo. Nenda kilometa 40 kwa saa, kisha bonyeza kitufe cha mkono cha kidhibiti bila kukanyaga breki ya gari. Magurudumu ya tela yakikwama na kuburuzwa, punguza. Ukiona mwendo haupungui, ongeza. Mahali sahihi ni chini kidogo ya pale yanapokwama. Ukiacha lami ukaingia kwenye changarawe, punguza tena, maana huko tairi hukwama upesi. Na anayetoka Tabora kwenda Kigoma asingoje kushuka kutoka mtaa wa Mwanga kwenda stesheni ndipo agundue kuwa nobu bado imepunguzwa. Ukivuka maji, bonyeza kitufe hicho kidogo kidogo ukiwa kwenye mwendo hadi viatu vikauke.

Tela likianza kuyumba, usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, bonyeza kitufe cha mkono taratibu, tela litanyooka.

Limebaki lile waya la usalama linalovutwa tela likichomoka kwenye gari. Linategemea betri ndogo iliyo kwenye tela lenyewe, na betri hiyo husahaulika hadi ife. Kabla ya safari chomoa plagi, vuta pini ya waya hilo, kisha jaribu kusogeza tela kwa gari: magurudumu yakatae kuzunguka. Rudisha pini mara moja, kwa sababu ukiiacha nje betri itaisha na sumaku zitapata moto.