Akija akiwa bado na ufunguo

Nikisema nafanya kazi kwenye shirika la kusaidia wasio na makazi, wengi hufikiria blanketi na vitanda vya usiku. Vitanda tunavyo, na usiku wa mvua simrudishi mtu barazani. Lakini kazi ninayoithamini kuliko zote hufanyika mchana, mezani, na mtu ambaye bado ana ufunguo wa nyumba mfukoni.

Huja na notisi ya kuhama, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka karatasi inachanika kwenye mikunjo. Aibu imemchelewesha. Sianzi na pesa. Tunaisoma pamoja: imeandikwa lini, imempa siku ngapi, sheria inataka siku ngapi, nani ana mamlaka ya kumtoa. Wengi hudhani kesho vyombo vitakuwa nje, kumbe bado wana muda. Kisha, akiniruhusu, nampigia mwenye nyumba. Naye ana hesabu zake: chumba kikikaa kitupu, ni hasara. Tukimpelekea mpango wa kulipa deni kidogo kidogo, umeandikwa na kutiwa saini, na shirika likamlipa yeye moja kwa moja sehemu ya malimbikizo, mara nyingi mazungumzo hulegea.

Muda ndio kila kitu hapa. Huko England, sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018, ilirefusha kutoka siku 28 hadi 56 kipindi ambacho mtu huhesabiwa kuwa yuko hatarini kupoteza makazi na kustahili msaada wa halmashauri. Ndani ya wiki nne za ziada, deni hupangwa na ndugu hupatanishwa.

Kinachoniuma ni wanaotoka hospitalini, gerezani au kwenye makao ya watoto. Tarehe yao ya kutoka inajulikana mapema. Shirika dogo lenye mfanyakazi mmoja tu linaweza kwenda kumwona mtu huyo kabla hajatoka na kumuuliza usiku wa kwanza atalala wapi.

Kwa waliokwisha kuwa mtaani, nimeacha kuamini kwamba mtu lazima kwanza aache pombe au apone ndipo apewe chumba. Mwaka 1992, jijini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa watu wenye maradhi ya akili nyumba kwanza, na huduma nyingine zikafuata kwa hiari yao. Finland iliufanya mwelekeo huo kuwa sera ya taifa kuanzia 2008, ikageuza mabweni mengi kuwa nyumba za kupanga. Ni vigumu mtu kumeza dawa kwa saa wakati hana hata pa kuziweka.

Hatuna uwezo wa kujenga. Tunachoweza ni kumdhamini mpangaji, kulipa amana, na kumsaidia kupata upya vitambulisho vilivyopotea, maana bila hivyo hakuna mkataba. Na kuendelea kumtembelea. Mzee mmoja, wiki ya kwanza, alilala sakafuni karibu na mlango, viatu miguuni, kitanda kimetandikwa vizuri pembeni. Hatukumhimiza. Tulikwenda kila siku mbili, tukaongea habari za kufuli na majirani. Wiki ya tatu tulikuta viatu viko nje ya mlango.