Kabla ya Kununua Hisa za Kampuni Ndogo ya Kutafuta Mafuta, Fungua Kwanza Ukurasa wa Fedha

Wawekezaji wengi wanaotuuliza kuhusu kampuni ndogo za utafutaji wa mafuta na gesi huja na ramani mkononi. Kitalu cha kampuni kimepakwa rangi, pembeni yake kuna kitalu cha kampuni kubwa iliyokwisha kupata mafuta, na chini pameandikwa tarakimu nene: mapipa milioni mia kadhaa. Wanataka kujua kama mapipa hayo yapo kweli. Ni swali la haki, ila linatangulia zamu yake. Kwanza ujue kama kampuni itakuwa bado ina fedha siku mtambo wa kuchoronga utakapofika.

Kampuni ya aina hii haiuzi mafuta, au inauza kidogo mno. Bidhaa yake halisi ni hisa. Fedha za hisa ndizo zinazolipa mishahara, ada za leseni, utafiti wa mitetemo (kupima miamba ya chini kwa mawimbi ya mtikisiko) na, mambo yakienda vizuri, kisima. Kwa hiyo anza na taarifa ya mtiririko wa fedha. Angalia salio lililoko benki, toa gharama za uendeshaji za mwaka, kisha toa mgawo wa kampuni katika kisima kinachofuata. Tuseme salio ni dola milioni 12, ofisi inakula milioni 4 kwa mwaka, na mgawo wa kisima ni milioni 20. Kisima kikichorongwa baada ya mwaka mmoja, kampuni imepungukiwa milioni 12 hata kabla ya dharura yoyote, na visima havikosi dharura.

Pengo hilo litazibwa na nani? Mara nyingi ni wewe. Kampuni yenye hisa milioni 100 zinazouzwa senti 30 ina thamani ya dola milioni 30 sokoni. Ikitaka milioni 15, haitauza hisa mpya kwa senti 30, kwa kuwa wanunuzi wakubwa hudai punguzo. Ikiziuza kwa senti 20, itabidi itoe hisa milioni 75. Mwenye asilimia 1 jana anaamka na asilimia 0.57, na hakuna jiwe lililotobolewa bado. Rudi nyuma miaka mitano uone idadi ya hisa ilivyopanda mwaka hadi mwaka. Usisahau haki za kununua hisa baadaye walizopewa wakurugenzi na madalali, ambazo huwa zimefichwa kwenye maelezo ya mwisho ya hesabu. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, tatizo ni kwamba halisomwi.

Njia nyingine ya kuziba pengo ni kukaribisha mbia: kampuni inauza sehemu ya kitalu, na mnunuzi anabeba gharama za kuchoronga. Binafsi naupa mkataba wa namna hii uzito kuliko ripoti yoyote ya mshauri aliyelipwa na kampuni yenyewe. Mbia mwenye wanajiolojia wake amekagua data zile zile na akakubali kutoa fedha. Mfano unaojulikana ni kampuni ndogo ya Rockhopper, iliyogundua mafuta ya Sea Lion karibu na visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, mwaka 2010. Mwaka 2012 ilikubaliana na kampuni ya Premier Oil kuipa asilimia 60 ya maslahi yake kwa dola milioni 231 taslimu, pamoja na ahadi ya kubebewa sehemu kubwa ya gharama za uendelezaji. Kampuni inapozungusha data zake kwa wabia watarajiwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu bila anayesaini, hilo nalo ni jibu.

Sasa twende kwenye mapipa. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha rasilimali za mafuta na gesi, uliotolewa mwaka 2007 na kuboreshwa mwaka 2018, una makundi matatu ambayo matangazo hupenda kuyachanganya. Akiba ni mafuta yaliyokwisha kugunduliwa, yanayoweza kutolewa kwa faida chini ya mradi ulioamuliwa. Rasilimali zenye masharti zimegunduliwa, lakini kuna kikwazo: soko, bomba, kibali au bei. Rasilimali tarajiwa hazijagunduliwa kabisa, ni makadirio yanayotokana na mitetemo na jiolojia ya eneo. Takriban kila tarakimu nene ya kampuni ndogo iko kwenye kundi hili la tatu. Hata kundi la kwanza si kinga kamili: Januari 2004 Shell, kampuni yenye wahandisi wa kila aina, ilitangaza kuondoa mapipa takribani bilioni 3.9 katika akiba yake iliyothibitishwa, yaani karibu asilimia 20.

Ndani ya kila kundi kuna kadirio la chini, la kati na la juu. Ukikuta tarakimu moja tu, uliza ni ipi. Kisha uliza uwezekano wa kufanikiwa. Ili mafuta yawepo panahitajika mwamba chanzo, unaozalisha mafuta, uliopikwa kwa joto la kutosha, mwamba hifadhi wenye vinyweleo vya kuyabeba, mwamba funiko usiovuja, na umbo la mtego wa kuyanasa lililokuwepo kabla mafuta hayajahama. Uwezekano wa kila kimoja huzidishwa kwa mwingine, haujumlishwi. Vinne vyenye asilimia 70 kila kimoja vinakupa asilimia 24 tu, ingawa msomaji wa haraka anayeona 70 mara nne hujihisi salama. Chukua basi kadirio la kati la mapipa milioni 300, zidisha kwa uwezekano wa asilimia 15, zidisha tena kwa mgawo wa kampuni wa asilimia 40. Unabaki na milioni 18. Na hayo ni kabla ya mgawo wa serikali chini ya mkataba wa ugawanaji wa mapato, na kabla ya kupima kama ugunduzi utakuwa mkubwa kiasi cha kulipa gharama za kuuendeleza. Kupata mafuta ni jambo moja, kupata mafuta yanayolipa ni jingine.

Kuhusu matangazo ya kisima, jizoeze kusoma kisichoandikwa. "Dalili za mafuta" ni habari ndogo, maana visima vingi vikavu vina dalili. Unachotafuta ni unene halisi wa mwamba wenye mafuta kwa mita, sampuli ya kimiminika iliyoletwa juu, na hatimaye jaribio la mtiririko linalotaja mapipa kwa siku, muda wa jaribio na presha ilivyobadilika. Mwaka 2010, ule ule wa Sea Lion, kampuni nyingine ndogo katika maji ya Falkland, Desire Petroleum, ilitangaza mapema Desemba kwamba kisima chake cha Rachel kimepata mafuta. Siku chache baadaye ikasahihisha: kimiminika kile kilikuwa maji. Hisa zikaporomoka. Aliyesubiri uthibitisho alikosa msisimko wa siku chache, basi.

Muda nao ni gharama, na kwa maoni yangu ndiyo gharama inayodharauliwa kuliko zote. Hadi mwaka 2020, miaka 10 baada ya kugunduliwa, Sea Lion ilikuwa haijauza hata pipa moja. Uganda ilithibitisha mafuta ya kibiashara mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukafikiwa Februari 2022. Katika kipindi chote hicho kampuni ndogo inaendelea kulipa mishahara na ada, na leseni ina saa yake: kuna kazi zilizoahidiwa kwa serikali, tarehe za kuhuisha, na sehemu za kitalu zinazopaswa kurudishwa. Leseni inayokwisha baada ya miezi minane huku kisima cha lazima hakijachorongwa inapaswa kukutia hofu kuliko kushuka kwa bei ya mafuta duniani.

Gesi ina ugumu wake wa ziada. Mafuta ghafi yanaweza kupakiwa melini na kutafutiwa mnunuzi popote, lakini gesi inataka bomba au mtambo wa kuisindika, pamoja na mnunuzi aliyefungwa na mkataba wa miaka mingi kabla ujenzi haujaanza.

Ndiyo maana faida kubwa ya mwenye hisa katika kampuni hizi, ikija, huja kampuni inapouzwa, muda mrefu kabla ya uzalishaji. Kampuni ndogo ya Cove Energy ilikuwa na asilimia 8.5 tu ya Eneo la 1 la bonde la Rovuma, pwani ya Msumbiji, na mwendeshaji wa kitalu alikuwa kampuni ya Marekani ya Anadarko. Mwaka 2012 kampuni ya PTTEP ya Thailand iliinunua kwa peni 240 kwa hisa, jumla takribani pauni bilioni 1.2, baada ya Shell kujitoa katika mnada. Uamuzi wa kuwekeza katika gesi ya eneo hilo ulikuja mwaka 2019, na mwaka 2021 kazi zikasimamishwa baada ya wapiganaji kushambulia mji wa jirani wa Palma. Wenye hisa wa Cove walikuwa wamelipwa miaka tisa nyuma.

Basi katika kumpima mkurugenzi mkuu, uliza amewahi kuuza kitalu au kampuni kwa faida ya wenye hisa, na ni sehemu gani ya hisa zake amezinunua kwa fedha zake mwenyewe. Uzoefu wa kuzalisha mafuta katika kampuni kubwa ni sifa nzuri, lakini hiyo ni kazi nyingine.