Shule tatu za Arumeru si Tanzania

Msimu wa makongamano ya kimataifa ya utafiti wa elimu ukikaribia, kantini ya chuo chetu hapa Moshi inageuka kijiwe cha ushauri. Mwanafunzi wa uzamili anakaa na chai ya rangi na chapati yake, anamsikiliza mwenzake ambaye binamu yake aliwahi kwenda kuwasilisha utafiti Ulaya, na kufika saa tano ameshajazwa mambo sita, matano kati yake si ya kweli. Siwacheki. Mengi niliyaamini mimi mwenyewe, na moja liliniumbua mbele za watu.

"Tatizo letu ni Kiingereza."

Hili ndilo lililoniumbua, ila si kwa namna wanayoidhania. Lafudhi haimshushi mtu jukwaani. Ukumbini wamo Wajapani, Wabrazili, Wanorwei, kila mmoja na Kiingereza chake. Kinachotuangusha ni safari ya maneno kutoka darasani hadi kwenye slaidi.

Nilikuwa nimewahoji walimu kwa Kiswahili, kisha nikatafsiri majibu yao usiku mmoja ili niwahi tarehe ya mwisho. Mwalimu wa darasa la nne alisema hivi kuhusu mtoto mmoja: "Huyu amekariri, ndiyo maana ni mkubwa kuliko wenzake." Nikatafsiri kwamba mtoto anameza maneno bila kuelewa, nikajenga slaidi nzima ya ufundishaji mbovu juu ya sentensi hiyo. Sijui ni bahati au mkosi, juu ya tafsiri nilikuwa nimeacha Kiswahili chake. Wakati wa maswali, mama mmoja wa huku kwetu aliyekaa nyuma akanyoosha mkono taratibu. "Samahani mwalimu, hapo 'amekariri' si kurudia darasa?" Ndivyo ilivyokuwa. Ule ukubwa wa mtoto ulikuwa mbele ya macho yangu muda wote, na sikujiuliza umefuata nini pale. Nilibaki nimeshika rimoti.

Siku hizi mtu mmoja anatafsiri kwenda Kiingereza, mwingine ambaye hajaona asili anairudisha kwenye Kiswahili, kisha tunalinganisha. Neno zito likigoma, linabaki kwa Kiswahili kwenye slaidi na maelezo yake pembeni. Hakuna aliyewahi kulilalamikia.

"Utafiti wa kitaifa lazima uzunguke mikoa yote."

Mikoa ni 31. Hakuna mhakiki, yule anayepima kazi kabla ya kongamano kuipokea, anayemtarajia mwanafunzi anayejilipia nauli aizunguke. Shule tatu za wilaya ya Arumeru, mkoani Arusha, zinatosha kabisa ikiwa swali lako ni la shule za namna hiyo. Kosa liko kwenye kichwa cha wasilisho, pale unapoandika "Elimu ya msingi Tanzania" ilhali hukuvuka mji wa Usa River, hukohuko Arumeru. Msikilizaji wa mbali hajui kwamba elimu ya msingi si jambo la Muungano na kwamba Zanzibar ina wizara yake ya elimu. Hajui kwamba anayemaliza kidato cha nne ana miaka kumi na moja ya shule. Dakika unazopewa mara nyingi ni kumi na tano. Mbili zitumie kumweleza hayo, ukikata zile slaidi tano za nadharia ambazo yeye anazijua kuliko wewe.

Ukitumia takwimu za kitaifa, kazi inaongezeka. Chukua SACMEQ, upimaji wa darasa la sita kusini na mashariki mwa Afrika. Katika awamu ya tatu, mwaka 2007, mifumo 15 ya elimu ilipimwa, Zanzibar ikihesabiwa peke yake, na Tanzania Bara ikaongoza kwa kusoma: pointi karibu 578, wakati wastani wa wote ulikuwa karibu 512. Miaka mitatu baadaye watafiti wa mpango wa Uwezo wakaanza kupima watoto majumbani, wakakuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Nimeshuhudia mtu akiweka namba hizi mbili kwenye slaidi moja kisha akaulizwa swali moja tu: ipi ndiyo nchi yako? Akajibu kwamba moja itakuwa imekosewa.

Si lazima. SACMEQ iliwapima waliofika darasa la sita na waliokuwepo shuleni siku ile; Uwezo waligonga hodi nyumbani na kumkuta hata mtoro. Tena watoto wetu walisoma mtihani wa SACMEQ kwa Kiswahili, wakati wenzao wengi waliufanya kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawaongei nyumbani. Binafsi naona habari kubwa iko kwenye hilo la lugha kuliko kwenye nafasi ya kwanza, na ukumbi wa wageni utakaa kukusikiliza kwa hilo.

"Ukionyesha udhaifu wa shule zetu unaianika nchi."

Woga huu haukuota wenyewe. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu mwaka 2018 yalifanya kusambaza takwimu zinazopotosha au kudhoofisha zile rasmi kuwa kosa la jinai. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, adhabu hiyo ikaondolewa. Leo wahakiki wanachokuuliza ni kibali: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, afisa elimu, hadi kwa mwalimu mkuu, pamoja na ridhaa ya wazazi. Nikitafuta cha kuanika, basi ni zile picha tunazopenda kufungulia wasilisho: watoto wa darasa la pili wamekaa sakafuni, sura zote wazi, na nyuma yao jina la shule limeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu. Matokeo yawe mabaya utakavyo, lakini picha hiyo itoe.

"Ikisiri ikikubaliwa, wao wanalipa."

Waandaaji hawalipi kwa kuwa tu wamekubali ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wako. Ada, nauli na malazi ni vyako. Makongamano makubwa huwa na ruzuku chache za safari, na dirisha lake aghalabu hufungwa mapema kuliko unavyodhani. Viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa, na juu yake kuna basi la kutwa nzima hadi Dar es Salaam kwenda kuweka alama za vidole. Ndiyo maana wa mara ya kwanza nawaelekeza Nairobi kupitia Namanga, bila viza, au wangoje linalokuja kwenye kumbi za AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa hapo Arusha. Ukimataifa wa kongamano uko kwa wahakiki na washiriki wake.

"Wamenialika wenyewe, maana yake kazi yangu imeonekana."

Mara nyingi ni kongamano la kuvuna ada tu: barua pepe inakuita profesa wakati tasnifu bado iko kwa msimamizi. Unatuma ikisiri usiku, asubuhi imekubaliwa bila mhakiki kugusa hata nukta, ada ilipwe ndani ya siku tatu. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea ratiba ya kongamano la aina hiyo akiwa na furaha kweli. Tukaipitia pamoja pale kantini: elimu ya awali saa tatu, upasuaji wa meno saa tatu na nusu, nanoteknolojia saa nne. Chumba kimoja.