Chuoni anasifiwa, shuleni anashika mkia

Mama mmoja wa Makorora, Tanga, alimleta binti yake wa darasa la nne kwenye kliniki yetu ya macho akiwa amechoka kweli. "Dokta, huyu chuoni, pale madrasa, anasoma juzuu bila kukosea, ustadhi mwenyewe anamsifu. Shuleni kila muhula anashika mkia. Nimeshamchapa wee, basi tena."

Nilimsimamisha binti mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi E, ile ambayo mtoto huonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi. Ile kubwa ya juu aliipata. Mstari wa tatu akaanza kufinya macho, akainamisha kichwa, kisha akaacha kutazama chati na kunitazama mimi usoni. Alikuwa anatafuta jibu kwangu. Darasani nako, nadhani, jibu alilitafuta kwenye daftari la jirani.

Juzuu hukaa shibiri moja au mbili kutoka machoni, ubao uko mbali. Jicho la mtoto wa namna hii limerefuka kidogo kuelekea nyuma, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali inaangukia kabla ya kufika kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), inakuwa ukungu. Tofauti ya chuoni na shuleni haikuwa ya akili wala ya adabu.

Wazazi huniuliza, mbona hakusema? Aseme nini? Tangu azinduke ulimwengu wake uko hivyo hivyo, anadhani na wenzake wanauona hivyo.

Huko China, katika majimbo ya Gansu na Shaanxi, watafiti waligawa miwani ya bure kwa watoto wa shule za msingi wasioona mbali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliopewa miwani walifanya vizuri zaidi katika hisabati kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Nyumbani unaweza kuanza mwenyewe. Simameni barazani, mzibe mtoto jicho moja kwa kiganja (si kwa vidole, atachungulia), muulize daladala inayokuja imeandikwa Pongwe au Raskazone. Kisha jicho la pili. Msipime yote mawili kwa pamoja tu, maana jicho zima humficha mwenziwe mgonjwa. Na jicho likiachwa bila picha safi utotoni, ubongo huzoea kulipuuza. Ndilo tunaloliita jicho vivu. Kabla ya miaka 7 hivi tiba yake huitika vizuri. Akishakuwa mkubwa, hata umvalishe miwani ya bei gani, jicho lile huwa gumu kurudi. Ndiyo maana makengeza, ambayo nayo huleta jicho vivu, hayangojwi "yajinyooshe akikua". Na ukiona weupe ndani ya mboni, hata kama umeuona kwenye picha ya simu tu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo: huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani.

Jambo moja linaniudhi, niliseme. Mtoto anawashwa macho, anayafikicha mchana kutwa, mzazi anakwenda duka la dawa, anapewa matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho. Muwasho unakwisha, mzazi anafurahi, chupa inarudiwa miezi na miezi. Matone hayo yakitumika ovyo hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Yanaandikwa na daktari, na mtoto hurudi kupimwa.

Miwani haiharibu macho wala haiyafanyi mavivu. Kucheza nje mchana kunasaidia: tafiti zinaonyesha kuwa saa 2 hivi kwa siku huchelewesha tatizo la kutoona mbali. Kwa hiyo mpira wa jioni msiufute wote kwa ajili ya tuisheni.

Yule binti alirudi baada ya wiki tatu, miwani ikiwa ndani ya begi. Wenzake wanamwita "macho manne". Tulizungumza na mwalimu wake, akamhamishia dawati la mbele na kuwakemea wale wachokozi. Sasa anaivaa. Mguu mmoja wa miwani umeshakatika, ameufunga kwa uzi mweusi. Akija na miwani ya hivyo tunaitengeneza, hatumgombezi.