Simba amekula nini? Kinyesi chake kinajua

Asubuhi, kwenye barabara ya vumbi ya Ishasha, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, mtafiti huinama mahali ambapo magari ya watalii hupita bila kusimama. Mbele yake kuna kinyesi cha simba: cheusi, chenye harufu kali, kimesokotana na nywele. Kwetu sisi watafiti hiyo ni hazina.

Nyama huyeyuka tumboni, nywele haziyeyuki. Zimeumbwa kwa keratini, protini ileile ya kucha na kwato, ndiyo maana hutoka karibu kama zilivyoingia. Maabara tunakausha kinyesi, kisha tunakiosha kwenye chekeche mpaka zibaki nywele, vipande vya mifupa, pengine ukwato mdogo wa mtoto wa ngiri. Unywele mmoja tunaulaza juu ya kioo kilichopakwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Ikikauka tunauondoa, na alama ya magamba yake inabaki. Chini ya hadubini, alama hiyo tunailinganisha na za nywele za wanyama tunaowajua: kobu (aina ya swala), nyati, nyamera, mbuzi. Ni kazi ya macho na subira, na haihitaji kumlaza simba kwa dawa wala kumfuata usiku.

Kuhesabu nywele tu kunapotosha. Kwa kila kilo ya nyama, mnyama mdogo ana nywele nyingi kuliko nyati. Chui naye hujilamba, akameza nywele zake mwenyewe. Tukiwa na shaka kinyesi ni cha nani, tunachukua ute wa juu yake na kupima vinasaba.

Jambo linaloniuma ni mifugo: simba akiila, watu huweza kulipiza kisasi. Aprili 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu wilayani Kasese, simba 11 waliuawa kwa sumu, 8 kati yao wakiwa watoto. Nywele za mbuzi zikionekana kwenye kinyesi, zinathibitisha kwamba mbuzi ameliwa. Hazisemi nani alimuua, maana simba hula mizoga pia. Kwa hiyo, mfugaji wa Kasese, ukipoteza mnyama, waite askari wa hifadhi siku hiyohiyo, kabla mzoga haujaguswa: alama za meno shingoni na nyayo zitaeleza kilichobaki. Kinyesi ukikiona karibu, kipige picha na usikishike kwa mkono mtupu, kwani huweza kubeba mayai ya minyoo.