Kabla ya Kulipia Fremu

Katika kazi yangu ya kuwaandalia wafanyabiashara wadogo hesabu zao hapa Dar es Salaam, mteja mpya hunijia mara nyingi akiwa ameshalipia fremu, yaani chumba cha duka, miezi sita, rangi imeshapakwa na bango limeshachorwa, kisha ndipo anauliza usajili unaanzia wapi. Dada mmoja anayesaga unga wa lishe Tandika alikuja na mkataba wa pango wa karatasi moja, ulioandikwa kwa mkono, usiotaja TIN (namba ya mlipakodi) ya mwenye nyumba wala biashara itakayofanyika humo ndani. Pango ni shilingi 150,000 kwa mwezi, naye alikuwa amekabidhi 900,000 taslimu.

Kiswahili chetu huita vyote viwili kodi, ile ya pango na ile ya serikali, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ambayo kwa malipo yale ni shilingi 90,000. Mzigo huo kisheria ni wa mwenye nyumba, lakini ukishampa fedha yote mkononi, atakayedaiwa ni wewe. Mkataba wenyewe nao hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, yaani shilingi 18,000 kwa fremu hiyo. Mambo haya huzungumzwa kabla ya kusaini, maana baada ya hapo mwenye nyumba hana haraka tena.

Bango nalo lingesubiri. Anayefanya biashara kwa jina lake halisi halazimiki kusajili jina la biashara, ila anayetaka jina jingine hulisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa njia ya mtandao, akitumia namba yake ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa hukataliwa. Ada ya usajili ni shilingi 15,000, kwa hiyo kishoka, dalali asiye rasmi, anayekutajia laki moja na nusu anakuuzia woga wako tu. Ieleweke pia kwamba jina lililosajiliwa halimtenganishi mwenye biashara na madeni yake. Duka likidaiwa, anadaiwa yeye.

TIN hutolewa bure. Wako wanaodhani wamemaliza kwa sababu walikwisha kuipata walipoomba leseni ya udereva, lakini hiyo si ya biashara na ni lazima ihuishwe TRA, ambako utaeleza biashara yako na kukadiriwa kodi ya mwaka, inayolipwa kwa awamu nne. Hati ya kutodaiwa kodi utakayopewa, pamoja na ule mkataba wa pango, ndizo utakazohitaji unapoomba leseni ya biashara. Kwa biashara ndogo nyingi leseni hutolewa na halmashauri kupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao TAUSI, na baadhi ya biashara hupewa leseni na BRELA. Kwa kuwa unga ni chakula, kuna hatua ya ziada: tangu mwaka 2019 usajili wa majengo ya chakula uko TBS (Shirika la Viwango), na mjasiriamali mdogo anayetafuta alama ya ubora hupitia kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho.

Kwenye makadirio, kinachoamua ni daftari. Mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato ya biashara hiyo. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu hutozwa shilingi 100,000, ilhali mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Dada yule alikisia mauzo ya milioni 5 na nusu. Kwa daftari ni shilingi 45,000, bila daftari ni zaidi ya mara mbili yake.

Kaunta buku aliyonionyesha ilikuwa na kurasa tatu tu zilizoandikwa, nyingi zikiwa ni orodha ya wanaodaiwa unga, bila tarehe. Tulifungua ukurasa mpya, tukachora safu nne: tarehe, kilo zilizouzwa, fedha iliyoingia na fedha iliyotoka. Siku hiyohiyo alirudi kwa mwenye nyumba na rasimu mpya ya mkataba, na baada ya mabishano marefu wakakubaliana ile 90,000 ikatwe kwenye pango la miezi sita ijayo.